Ulimi Hauna Kosa

Kaakaa, yaani paa la kinywa, ni kitu ambacho mtu huzeeka nacho asikitie akilini hata siku moja. Mimi imenibidi nilijue kwa sababu binti yangu alizaliwa na la kwake limepasuka.

Dalili ya kwanza ilikuwa maziwa kumtoka puani. Kucheua nakujua, watoto wote hucheua. Haya yalikuwa mengine. Alikuwa akishika titi, ananyonya kwa bidii mpaka jasho linamtoka kwenye paji la uso, na punde maziwa yanachuruzika kwenye tundu zote mbili za pua. Hapo anapaliwa, anakohoa, macho yanamjaa machozi, kisha analia njaa na kuanza upya. Unamaliza saa nzima unanyonyesha, na mtoto bado ana njaa.

Alipozaliwa walimpima uzito, wakamhesabu vidole, wakaturuhusu kwenda nyumbani. Midomo yake mizima, mizuri, hakuna aliyefikiria kumulika ndani ya kinywa. Mdomo ukipasuka, hata mpita njia anaona. Kaakaa likipasuka peke yake, hasa sehemu ya nyuma, unatakiwa kulitafuta kwa tochi na kijiti cha kukandamizia ulimi. Kwa hiyo kule kwetu Kibokoni, Mombasa, maelezo yalikuwa mengi: mara maziwa yangu mepesi, mara mtoto ana jicho, mara sijui kumpakata. Mavyaa wangu, mwanamke asiyependa maneno mengi, alimtazama siku mbili tatu akasema: "Huyu mwana yuwanyonya, lakini havuti."

Nesi wa kliniki ya watoto alisema lilelile. Alivaa glavu, akampa kidole chake kidogo anyonye, akakizungusha polepole juu ya paa la kinywa, akanyamaza. Kisha akachukua tochi akaniita nione. Mbele, paa lilikuwa sawa, lina mifupa na mikunjo yake midogo. Nyuma, mahali ambapo pangekuwa na nyama laini inayomalizikia kwenye kimio, palikuwa na uwazi, na kupitia uwazi ule niliona ndani ya pua ya mwanangu, pekundu na panang'aa kwa maziwa. Kimio chenyewe kilikuwa nusu mbili, moja kila upande, zinatikisika kila anapolia.

Kunyonya si kumeza, hilo nalo nilijifunza pale. Mtoto akinyonya hufunga kinywa mbele kwa midomo na nyuma kwa kaakaa laini, halafu anashusha ulimi na taya. Nafasi ya ndani inapanuka, mkandamizo wa hewa unashuka, maziwa yanavutika. Wangu alikuwa anafanya yote hayo barabara, ila nyuma palikuwa wazi, kwa hiyo alichokuwa anavuta ni hewa ya puani. Akajichosha bure, uzito usipande.

Nikaambiwa nikamue nimpe kwa kikombe kidogo na kijiko, au kwa chupa laini inayobinyika ili mimi ndiye nisukume maziwa badala ya yeye kuvuta. Mtoto nimkalishe karibu wima, nimbeulishe mara kwa mara, na nisizidishe nusu saa, maana zaidi ya hapo anatumia nguvu nyingi kuliko anazoingiza. Nesi alinituliza pia juu ya pua: maziwa yakitoka puani ni karaha tu, yanafutwa. Yanayotakiwa kuogopwa ni yale yanayokwenda kwenye mapafu.

Usiku wa kukamua ni mrefu. Nilikuwa nakaa barazani kwa ndani, joto la Februari halilaliki, nameza mate na kujisikiliza. Jaribu na wewe. Weka kidole kooni, pale penye kinundu, umeze. Kinundu kinapanda juu, kinakwenda mbele kidogo, kisha kinarudi. Hilo ni zoloto, sanduku lenye nyuzi za sauti. Sasa jaribu kumeza huku unavuta pumzi. Haiwezekani, na si kwa sababu hujui, mwili umekataza.

Umekataza kwa sababu ya namna tulivyopangwa. Pua iko juu ya kinywa, lakini bomba la pumzi liko mbele ya umio. Ina maana hewa inayotoka juu inakwenda mbele, na chakula kinachotoka mbele kinakwenda nyuma, na vyote viwili vinapishana kwenye koromeo moja. Kila tonge linahitaji mpango. Ulimi unalisukuma nyuma. Kaakaa laini linanyanyuka na kugota kwenye ukuta wa nyuma wa koromeo, njia ya pua ikafungwa. Zoloto linapanda, kidakatonge kinainamia mdomo wa bomba la pumzi, nyuzi za sauti zinakutana chini yake. Umio, ambao muda mwingi umebana, unafunguka. Pumzi inasimama. Tonge linapita. Yote hayo hayazidi sekunde moja hivi, na yanatumia zaidi ya jozi 20 za misuli. Mara nyingi pumzi ya kwanza baada ya kumeza huwa ya kutoa, si ya kuvuta, na hapo pana hekima yake: kama chembe imebaki mlangoni, inapulizwa nje kabla haijavutwa ndani.

Mtoto mchanga amepewa nafuu zaidi. Zoloto lake liko juu sana shingoni, na kidakatonge chake kinafika karibu kugusa kaakaa laini, hivyo pumzi ya pua ina njia yake fupi na maziwa yanapita pembeni. Ndiyo maana anaweza kunyonya na kupumua kwa zamu za harakaharaka ambazo wewe na mimi zingetupalia. Anavyokua, zoloto linashuka. Lakini nafuu hiyo inamtaka awe na kaakaa kwanza.

Kwa hiyo nikaanza kuliona kaakaa laini kama mlango kati ya chumba cha chini na chumba cha juu. Ukimeza unafungwa. Ukipumua kwa pua unafunguliwa. Ukisema, unafungwa na kufunguliwa mara nyingi kwa dakika moja, na hakuna anayekuuliza. Wa mwanangu ulikuwa hauna ubao wa katikati.

Daktari wa upasuaji aliniambia jambo ambalo lilinisaidia kuziba masikio kwa majirani. Kaakaa halianzi likiwa moja. Tumboni linaanza kama vipande viwili vinavyoning'inia kila upande wa ulimi. Karibu na wiki ya 8 ya mimba vinanyanyuka juu ya ulimi, vinaelekeana, na kufikia wiki ya 12 vimeungana kuanzia mbele kwenda nyuma, kimio kikiwa cha mwisho. Visipokutana wakati wake, havikutani tena. Nilimuuliza kisa ni nini. Akasema mara nyingi hakuna kisa kimoja: kuna urithi, kuna baadhi ya dawa za kifafa, kuna tumbaku, kuna upungufu wa foliki asidi, na kuna mimba nyingi tu ambazo mama hakukosea kitu. Duniani, mtoto mmoja katika kila 700 hivi huzaliwa na mpasuko wa mdomo au wa kaakaa au vyote. Yule jirani aliyekuwa akisema nilimcheka mtu nikiwa mjamzito, basi na awacheke wote hao.

Mwingine alikuja na shauri la kimio. Hapa pwani na kwingineko Afrika Mashariki bado wapo wanaokata vimio vya watoto: mtoto akikohoa sana, kimio, akikataa kula, kimio. Huyu wangu ana viwili, si vingeondolewa vyote akapona? Nilimjibu kwa adabu, lakini hapa nitasema wazi. Kimio hakisababishi kikohozi. Kukikata kwa wembe barazani kunaleta damu isiyokatika, usaha, na pepopunda, na watoto wamekufa kwa hilo. Na kimio kilichogawanyika ni alama ya kumpeleka mtoto kwa daktari, kwa maana wakati mwingine ngozi ya kaakaa imeungana juu lakini misuli ya ndani haikuungana, na hicho kimio ndicho pekee kinachosema.

Upasuaji ulifanyika alipokaribia mwaka mmoja. Kuna mashirika kama Smile Train yanayosaidia hospitali nchini Kenya kufanya kazi hiyo bila kumtoza mzazi, na hili nalisema kwa sababu najua watu wanaokaa na watoto nyumbani wakiogopa bili. Sitasimulia siku yenyewe. Aliyewahi kukaa nje ya mlango wa thieta anaijua. Nilichokielewa baadaye ni kwamba daktari hakushona tundu tu. Misuli ya kunyanyua kaakaa inatakiwa kutoka kila upande ikutane katikati kama mkanda. Kwenye kaakaa lililopasuka haina pa kukutana, inaelekea mbele na kujishikiza ukingoni mwa mfupa. Fundi anaibandua, anaigeuza, anaiunganisha. Tundu likizibwa bila hiyo misuli kugeuzwa, unapata paa lisilonyanyuka.

Kisha majuma ya uji mwepesi, mtori uliosagwa, hakuna kijiko kuingia ndani, hakuna kitu kigumu mkononi. Siku niliporuhusiwa kumpa maji kwa kikombe, nilikaa nikitazama pua na si kikombe. Akameza. Pua ikabaki kavu. Akameza tena. Mavyaa akaleta maji ya ukwaju, eti tuhakikishe, nikamkataza, akayanywa yeye.

Nyumba nzima ilifikiri tumemaliza.

Alipoanza maneno, "mama" ilitoka safi, mapema, na mimi nikafurahi. "Baba" ikatoka "mama". Babake anafanya kazi bandarini Kilindini, anarudi jioni kachoka, anafungua mlango na mtoto anamkimbilia kwa furaha yote: "Mama! Mama!" Mwanzo tulicheka. Baadaye hakucheka tena, ingawa hakusema. Paka alimwita kwa mkwaruzo wa kooni, kama mtu aliyekatwa pumzi mara mbili: a-a. Kuku: u-u. Mji wetu aliuita "Momaa".

Sasa ikaja zamu ya ulimi. Ulimi mzito, wakasema. Mpake asali. Mpe ulimi wa kasuku, jambo ambalo sikulifuatilia kujua linapatikana wapi. Lakini ulimi wake ulikuwa unakwenda kila mahali unapotakiwa, na midomo yake ilikuwa inafumba vizuri kabisa. Mtaalamu wa matamshi alinionyesha kwa njia ambayo huwezi kubishana nayo. Sema "mama". Sasa sema "baba". Midomo imefanya kitu kilekile mara zote mbili, na nyuzi za sauti zimetetemeka vilevile. Tofauti iko nyuma: kwenye m kaakaa limeshuka, sauti inatoka puani, kwenye b limenyanyuka, hewa inajaa nyuma ya midomo na kupasuka. Bana pua useme "mama": utasikia inataka kuwa "baba". Mtu mwenye mafua anakuonyesha hivyo kila siku bila kutaka. Mwanangu alikuwa kinyume cha mwenye mafua. Alifumba midomo kusema b, hewa ikapata njia nyepesi zaidi, ikatokea puani, na b ikawa m.

Sentensi ya kupimia ninayoipenda ni "Baba kapika kuku." Haina hata herufi moja ya puani. Ukiisema huku umebana pua na ukaiachia, haitakiwi kubadilika. Ikibadilika, mlango unavuja.

Na ule mkwaruzo wa "paka"? Huo ndio ulionishangaza. Mtoto si mjinga. Amegundua kwamba akizuia hewa kwenye midomo au kwenye meno, inampotea puani kabla haijajaa. Basi anaizuia chini zaidi, kwenye nyuzi za sauti zenyewe, kabla haijafika penye uvujaji. Anapata mkatiko, ingawa si wa p wala k. Anaujenga kuwa mazoea, na mazoea hayo yanabaki hata baada ya kaakaa kushonwa. Upasuaji unarudisha mlango; haumwambii mtoto kwamba sasa anaweza kuutumia.

Tulianza mazoezi. Kifaa cha kwanza kilikuwa kioo kidogo cha mkononi, unakiweka chini ya pua anapotamka. Kikipata ukungu kwenye "pa" au "sa", hewa imetoroka. Mombasa kioo hicho kina vituko vyake. Kikikaa chumbani kinakuwa na joto la chumba, na pumzi haiachi ukungu wa maana. Ukikitia kwenye friji, kinapata ukungu chenyewe kwa unyevu wa hewa kabla mtoto hajafungua kinywa. Nilichokiona kinafaa ni kukichovya kwenye maji ya mtungini, kukifuta kwa khanga, na kutumia harakaharaka. Kifaa cha pili kilikuwa bora na cha bei rahisi: mrija wa kunywea soda, ule wa kupinda. Ncha moja penye tundu ya pua, nyingine sikioni mwa mtoto mwenyewe. Akisema "papai" na hewa ikatoka puani, inavuma sikioni mwake. Alikunja uso, akautoa mrija, akautazama ndani. Tangu hapo nikawa sina haja ya kumwambia amekosea.

Watu waliniletea mabaluni, firimbi, hata zumari la harusi. Apulize, misuli ikaze. Mtaalamu hakuyataka. Alisema kupuliza kunamfundisha mtu kupuliza. Kaakaa linalofunga vizuri kwenye firimbi linaweza kuvuja palepale kwenye neno, kwa sababu ubongo unaziamuru kazi hizo kwa njia tofauti. Ukitaka aseme p, mpe p. Tulianza na "h" ya kupumua, koo limelegea: hhh, halafu midomo ifumbe taratibu: hhh-pa. Bila kukaza. Ukianza na kukaza unapata mkwaruzo uleule. Ikawa "pa" za kunong'ona, za kubana pua, za kuachia pua, mpaka siku ilitoka moja kamili jikoni, na midomo ikapuliza unga wa mahamri juu ya meza. Babake aliisubiri b yake zaidi ya hapo, maana b ina sauti ndani na ni ngumu kuliko p. Alipoipata aliitwa "Baba" jioni nzima mpaka akaomba apumzike.

Kiswahili chetu chenyewe hakimwonei huruma mtoto wa aina hii. Angalia mb, nd, nj, ng. Kila moja inaanza mlango wazi na kumalizika mlango umefungwa, ndani ya punje ya muda. "Mbuzi", "ndizi", "njugu". Jina la mji huu: m wazi, o, mb wazi kisha funga, a, halafu s, ambayo inataka kufungwa barabara kuliko zote maana inaishi kwa mvumo wa hewa mbele ya meno. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba kusema "Mombasa" ni kazi.

Msaada ulitoka pia mahali ambapo sikuutarajia, nao ni chuoni kwa baba yangu. Baba anasomesha Kur'ani, na tajwidi, elimu ya kutamka herufi zake za Kiarabu, kwake si mchezo. Binti yangu alipofika umri wa kuanza, nilisitasita kumpeleka, nikiogopa watoto wenzake. Baba akasema, "Mleteni kwangu mimi." Wiki ya kwanza Baba alirudi na taarifa iliyomfurahisha na kumtatiza: "Hamza yake ni ya Makka. Ain yake mimi mwenyewe naihusudu. Ila ba yapita puani."

Ukijua ramani ya koo, jambo hilo linajieleza. Wanatajwidi hugawa koo sehemu tatu. Ndani kabisa ni hamza na ha nyepesi. Katikati ni ain na ha nzito. Karibu na kinywa ni ghaini na kha. Halafu wana khaishumu, pango la pua, inakotoka ghuna, yaani mvumo wa puani wa mim na nun. Herufi za ndani na za kati zinatengenezwa chini ya ule mlango, kabla hewa haijafika penye kuvuja, na mwanangu alikuwa amefanya mazoezi ya koo maisha yake yote bila kujua. Kha na ghaini, zinazosugua karibu na kimio palepale penye mshono, zilimpa taabu. Ba, ta, jim, sin, zote zinazotaka hewa ijae kinywani, zilivuja. Mim na nun hazikuwa na neno. Ukizipanga herufi kutoka kooni kuja midomoni unaona palipoanzia matatizo. Al-Khalil bin Ahmad, mwanachuoni wa Basra wa karne ya 8, alizipanga hivyo hasa katika kamusi yake, akaanza na ain na kuja mbele mpaka midomoni, na hakuwa na tochi wala kamera. Alikuwa na koo lake.

Baba anapima ghuna kwa kubana pua ya mwanafunzi. Mim au nun ikikatika, ni sahihi, kwa kuwa inatoka puani. Herufi nyingine ikikatika, hapo kuna kasoro. Ni kipimo kilekile cha mtaalamu wa matamshi, na wawili hawa hawajawahi kukutana. Faida yake ni kwamba chuoni kila mtoto anabanwa pua. Binti yangu hakuonekana wa ajabu, alikuwa mmoja wa darasa zima linalobana pua na kuvuma, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na sehemu ya somo ambayo alikuwa akiitwa mbele awaonyeshe wengine: ain.

Masikio nitayapitia upesi, ingawa yalitusumbua. Akiitwa kwa nyuma hakugeuka, tukamdhania mkaidi. Kumbe kuna mrija mwembamba kutoka nyuma ya pua mpaka sikio la kati, na misuli ya kaakaa ndiyo inayoufungua ukimeza au ukipiga miayo. Ile "pwa" unayoisikia masikioni ukishuka na ndege na kumeza mate ndiyo hiyo. Misuli ikiwa dhaifu, mrija haufunguki, majimaji mazito yanakaa nyuma ya ngoma, na mtoto anasikia kama aliye chini ya maji. Na asiyesikia s hawezi kuitamka s. Aliwekewa vijirija vidogo kwenye ngoma za masikio, na matamshi yakapiga hatua ambayo mazoezi peke yake yalikuwa hayajaleta. Mwenye mtoto wa mpasuko akapime masikio hata kama mtoto halalamiki.

Mwaka huu yuko gredi ya pili. Wageni wanamwelewa. Asubuhi anasema vizuri. Jioni akichoka, au akiwa na hasira, king'ong'o kinarudi, na kwenye s na sh unasikia mkoromo mdogo puani. Chakula hakitoki tena, hata ukwaju, hata urojo. Nilikuwa najiuliza inawezekanaje: kama mlango unazuia maji, unashindwaje kuzuia hewa?

Jibu tulilipata kwenye kioo cha runinga. Daktari alimpulizia dawa ya ganzi puani, akapitisha kamera nyembamba mpaka juu ya kaakaa, akitazama chini. Mtoto alikaa mapajani kwangu akijitazama. Akiwa kimya, kaakaa limelala na unaona koromeo mpaka kwenye zoloto. "Sema mama." Halikusogea sana. "Sema paka." Likanyanyuka, na kuta za pembeni zikasogea ndani. "Sema Kibokoni." Panda, panda, panda, kisha n, likashuka. Karibu lifunge, ila upande wa kushoto palibaki upenyo mdogo, na alipovuta "sss", mate yakatoa vipovu pale kwenye upenyo. Ule mkoromo, basi, tukauona kwa macho.

"Sasa meza mate," daktari akasema. Picha yote ikawa nyeupe.

"Mbona imezima?" akauliza binti yangu.

"Haijazima. Umemeza."

Kwenye kumeza, koromeo lote linabana, kuta zinashika kamera, ulimi unasaidia kusukuma kutoka chini, mwanga hauna pa kwenda. Ni mfungo wa nguvu na wa mara moja. Kusema kunataka mfungo mwepesi, wa haraka, unaorudiwa tena na tena bila msaada wa ulimi, maana ulimi una kazi nyingine. Ndiyo maana mtoto anaweza kunywa ukwaju salama na bado s ikavuja.

Daktari ametupa mpaka likizo ya Disemba: mazoezi ya s na sh kila siku, mafupi, kisha kamera tena, na hapo ndipo ataamua kama unahitajika upasuaji wa pili wa kurefusha kaakaa. Nilimsimulia baba yote haya. Hakuuliza juu ya upasuaji. Aliuliza kama hiyo kamera inaweza kuonyesha ghuna ikitoka, nikamwambia bila shaka, m yoyote inaonyesha. Sasa anataka Disemba tuandamane, na ameshamwambia mjukuu wake ni aya gani watakayomsomea daktari.